Mahaba ya mwaka 1872: jinsi ya kuandika riwaya ya mapenzi ya kale ikamridhisha msomaji

Miswada ya mapenzi ya kale inayonifikia mezani huanza karibu sawasawa. Jahazi linaingia bandarini, msichana yuko darini, upepo unamvuta ukaya, macho yanakutana. Sina ugomvi na jahazi wala ukaya. Ugomvi wangu huanza kwenye ukurasa wa hamsini, ninapojiuliza hawa wawili wanazuiwa na nini hasa. Baba hataki. Kwa nini hataki? Hataki tu, ndiye baba. Hapo shangazi yangu, ninayemsomea kwa sauti kila mswada huku yeye akishona kofia, hukata uzi kwa meno akasema, "Si waoane tu, tukalale."

Shangazi hajaandika hata barua ndefu, lakini amesikiliza hadithi maisha yake yote, za redioni, za mkekani na hizi zangu, na hukumu yake naiogopa kuliko ya mhakiki yeyote. Akisema waoane tukalale, mswada umekwisha hata kama umebakiza kurasa mia mbili.

Kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili ya wanaotaka kuandika mahaba ya kale ya pwani yetu na wamechoka kuambiwa mswada wao ni mzuri ila haushiki. Ninaloamini mimi ni hili: msomaji wa riwaya hizi huridhika pale zama zenyewe zinapowatenganisha wapenzi, na zama hizohizo zikawakutanisha. Kama unataka kujipima, wachukue wapenzi wako uwahamishie Mwanakwerekwe ya leo, mtaa wa mjini Unguja, uwape simu na bodaboda. Kizuizi chao kikibaki vilevile, hujaandika riwaya ya kale. Umeandika ya leo ukaivisha kanzu.

Chagua mwaka

"Zamani za Masultani" si wakati. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akafuata Majid, kisha Barghash akashika kiti mwaka 1870 mpaka 1888. Katikati ya hapo Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873, na waya wa telegrafu ukaifikia Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Hebu tazama hilo la mwisho kwa jicho la mapenzi. Mwanamume aliyekwenda Aden mwaka 1865 amezama gizani. Hakuna ajuaye yu hai au amekufa, kaoa au anangoja, mpaka chombo kirudi na mtu wa kusimulia. Mwaka 1880 baba mwenye hela anaweza kuuliza leo akajibiwa upesi. Riwaya ya mwaka wa kwanza inaweza kujengwa juu ya kutojua. Ya pili haiwezi, lazima itafute mbao nyingine.

Mimi nina mwaka wangu, nao ni 1872. Mwezi wa Aprili tufani kubwa iliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka mashamba kwa mashamba na merikebu za Sultani zikavunjikavunjika bandarini. Pemba, mwendo mfupi tu kaskazini, haikuumia hivyo. Sasa kumbuka kwamba mkarafuu uliopandwa leo unataka miaka sita, saba, hata minane kabla haujazaa. Kumbuka pia kwamba wenye mashamba wengi wa Unguja walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na rehani ni mashamba hayohayo. Basi mtu aliyelala tajiri aliamka na deni bila mavuno. Na jamaa yake wa Pemba, ambaye mwezi uliopita alikaribishwa ukingoni mwa baraza, bei ya karafuu ilipopanda alianza kuitwa Bwana.

Nani aliyewahi kutunga kizuizi cha mapenzi kizuri kuliko hicho? Tukitumie. Nitawaita Zuhura na Hamad, watu wa kubuni kabisa. Zuhura ni binti wa mwenye shamba la karafuu upande wa Dole, Unguja. Hamad ni wa tawi la pili la ukoo huohuo, lile lililokwenda kulima Pemba na halikurudi na cha kuonyesha. Mapema mwaka 1872 Hamad anapeleka posa, anakataliwa kwa upole unaouma: anapewa kahawa, halwa, na mazungumzo marefu juu ya hali ya hewa. Aprili mambo yanageuka.

Upepo ndio saa yako

Kabla ya meli za moshi kuzoeleka, pwani hii iliishi kwa pepo mbili. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, ikavirudisha, ingawa manahodha waliogopa ukali wake wa katikati na wengi walitoka mapema au wakangoja Agosti na Septemba. Waandishi wengi huitaja kaskazi kama pambo: "upepo wa kaskazi ulivuma kwa utulivu." Hilo ni bure. Kaskazi ni tarehe ya mwisho. Mgeni aliyekuja na kaskazi ana miezi michache ya kuuza, kununua, kuoa na kuondoka, na akikosa upepo wake atakaa.

Katika kisa chetu nimweke mtu wa tatu: tajiri wa Maskati, mtu mzima, amekuja na kaskazi na baba yake Zuhura anamtaka awe mkwe, kwa sababu deni lilikuwepo hata kabla ya tufani. Mpango ni kwamba ndoa ifungwe na bibi harusi apande chombo kusi ikianza. Msomaji anahesabu wiki pamoja na Zuhura. Kisha tufani inavunja vyombo bandarini, pamoja na cha bwana yule. Hawezi kuondoka. Umeona? Dhoruba iliyomtajirisha mpenzi ndiyo iliyomfungia mshindani mlangoni. Sikubuni tufani hiyo, niliipokea tu kutoka kwenye historia nikaiuliza: ungewafanyia nini hawa wawili?

Fanya hivyo kwa mwaka wako wowote. Chukua tukio moja kubwa la kweli, liulize limfanyie nini kila mmoja wa watu wako wanne au watano wakuu. Tukio likiwafanyia wote jambo lilelile, tafuta lingine. Ukichagua Pangani na Bagamoyo za 1888 na 1889, vita vya Abushiri na Wajerumani, swali ni hilohilo. Usiliweke tukio kwa ajili ya kishindo tu.

Kizuizi cha pili kitoke ndani

Hapa ndipo miswada mizuri inapotofautiana na ile ya "waoane tukalale". Kizuizi cha nje kikianguka katikati ya kitabu, cha ndani kiwe kimeshaota mizizi. Hamad sasa ana fedha. Anaweza kumlipa mwenye kudai na kumchukua Zuhura kesho. Lakini Zuhura ataolewa kwa mapenzi, au amekombolewa pamoja na shamba? Na Hamad mwenyewe, akirudi kuposa mlango ulemule alioaibishwa, anarudi kwa ajili ya Zuhura au kwa ajili ya kumwona mzee akiinama? Mwache asiwe na uhakika, na Zuhura naye auone wasiwasi huo usoni mwake.

Msomaji wa mahaba anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hawa watapatana. Hicho si kitendawili kwake. Anachosoma ili akione ni watakuwa watu gani wakishapatana.

Sheria ni rafiki wa mwandishi

Binti anayetoroka usiku kwa ngalawa ameandikwa mara nyingi, na mara nyingi ametoroka kwa sababu mwandishi hakujua kuna mlango mwingine. Ndoa ya pwani ilikuwa na sheria zake, na kila kifungu ni onyesho linalongoja kuandikwa. Kuna walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha binti, na baba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya binti ambaye hajaolewa. Kuna kufu: mume awe wa daraja la mke, kwa nasaba, kwa uhuru, kwa kazi. Na kuna jambo ambalo waandishi wetu hulisahau: walii akimzuilia binti mume aliye kufu yake bila sababu ya sheria, kadhi anaweza kusimama mahali pa walii.

Ndiyo maana nilimfanya Hamad awe wa ukoo mmoja na Zuhura. Ningemfanya Mpemba asiyetajwa nasaba, mlango wa kadhi ungefungwa na ningekuwa na riwaya nyingine kabisa, ya uchungu zaidi, ambayo huenda ingebidi iishie bara au Ngazija. Uamuzi mmoja juu ya nasaba ya mtu unaamua kurasa mia tatu. Ufanye mapema. Unguja ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni, kwa hiyo amua pia familia yako ni ya madhehebu gani, kisha kaa na shekhe anayejua akueleze utaratibu ulikuwaje. Mashekhe wengi hupenda kuulizwa, ila mwambie ni riwaya. Usije ukamfanya adhani una kesi.

Onyesho la Zuhura nyuma ya pazia mbele ya kadhi, baba yake akiwa upande wa pili anamsikia kila neno, lina nguvu kuliko ngalawa kumi za usiku.

Si kwamba hakuna aliyetoroka. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alipendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, jirani yake wa Mji Mkongwe. Dari zao zilitazamana. Alipokuwa mjamzito, mwezi Agosti 1866 aliondoka Unguja ndani ya manowari ya Kiingereza, Highflyer, na mwaka 1867 wakaoana Aden. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu Hamburg akafa, na yeye akabaki ugenini na watoto. Kwa wanaojifunza kazi hii kisa hicho kina faida moja kubwa: ukikomea Aden umeandika riwaya ya mahaba, ukiendelea miaka mitatu mbele umeandika tanzia, na mambo yote mawili ni ya kweli. Mahali unapokomea ni uamuzi wako. Ila ulichomwahidi msomaji kwenye sura ya kwanza, kilipe.

Kanga, taarabu na buibui

Mswada mmoja ulinijia, mwaka ni 1860, na bibiye anamtumia bwana ujumbe kwa jina la kanga. Wazo tamu kweli, lakini kanga zenyewe ni za mwisho wa karne ya 19, na maandishi juu yake yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwanza kwa hati za Kiarabu. Wanawake wa 1860 walivaa merikani na kaniki, na wenye uwezo hariri na barakoa. Buibui nalo lilienea baadaye. Taarabu ilipata nafasi kwenye kasri la Barghash, na chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Basi ukiwachezesha taarabu wageni wa Seyyid Said mwaka 1845, kuna msomaji mmoja Mombasa ataandika maoni marefu na atakuwa na haki.

Lakini kosa kubwa kuliko la tarehe ni kurundika. Mwandishi akishasoma vitabu vitatu anataka kila alichosoma kiingie: mlango wa nakshi, marashi, majina ya vyombo, sinia, deli, upatu. Msomaji anatembezwa makumbusho. Chagua kitu kimoja kwa kila onyesho, nacho kifanye kazi. Hebu tulinganishe. Huyu ni Hamad wa kwanza, wa aina ninayopokea kila mwezi:

"Hamad alimtazama Zuhura, mrembo wa ajabu mwenye macho ya paa, aliyevaa hariri ya bei na vikuku vya dhahabu. Moyo ukamdunda. 'Nakupenda sana Zuhura,' alisema, 'siwezi kuishi bila wewe.'"

Na huyu ni wa pili, baada ya tufani, wakati Hamad amekuja kununua kidogo kilichobaki Dole (makonyo ni vile vijiti vya karafuu vinavyotolewa wakati wa kuchambua):

"Hamad alikaa barazani, daftari la mizani magotini. Nyuma ya pazia mtu alipita, na harufu ya mkadi ikapita naye.
'Frasila kumi na mbili,' alisema mzee. Mwaka jana mizani hiyo ilikuwa ikifanya kazi siku nzima.
'Kumi na moja na nusu, ami. Makonyo hayakutolewa vizuri.'
Pazia likatulia. Kisha ikasikika sauti ya kike ikimwagiza mjakazi, na ilikuwa kubwa kuliko haja ya mjakazi. 'Mwambie mgeni makonyo nimeyatoa mwenyewe kwa mkono wangu. Kama ameliona moja, alilete nilione.'
Hamad alifunga daftari. 'Kumi na mbili,' alisema. 'Nilihesabu vibaya.'"

Hajasema anampenda, na hamna haja. Msomaji amejua kwamba binti wa tajiri sasa anachambua karafuu mwenyewe, kwamba ana kiburi bado, kwamba Hamad anajua harufu yake, na kwamba yuko tayari kupoteza nusu frasila, karibu kilo nane za karafuu kwenye mwaka wa bei kubwa. Vitu vyote vya zama vilivyo humo, mizani, makonyo, mkadi, pazia, vinafanya kazi. Shangazi alipofika kwenye "nilihesabu vibaya" aliweka kofia chini, akaniuliza kama Hamad ana mke mwingine Pemba. Swali zuri. Mwaka 1872 angeweza kuwa naye, na ukinyamaza wasomaji wako watajiuliza.

Yule mjakazi ana jina?

Hapa tusitembee haraka. Nyumba ya Zuhura ya mwaka 1872 ina watumwa. Ukiwaita "watumishi" na ukawafanya watabasamu na kubeba barua za mapenzi, msomaji wa leo atakusoma huku amekunja uso, na ana haki, kwa sababu wengi wetu tuna babu upande mmoja wa pazia na bibi upande wa pili.

Mambo ya kujua kabla hujaandika: mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ukafunga soko, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba mpaka amri ya mwaka 1897, na masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka mwaka 1909. Na lile linalouma zaidi: Pemba ilipotajirika baada ya tufani, ilihitaji mikono ya kuchuma, na vyombo viliendelea kuingiza watu kwa magendo. Fedha ya Hamad ilichumwa na nani? Usilikwepe. Mpe Zuhura alione, au, vizuri zaidi, mpe mjakazi jina na maneno ya kumwambia Zuhura. Anaweza kuwa na mapenzi yake mwenyewe, na mpango wake, na sababu ya kukataa kubeba barua siku moja muhimu. Sura yake isiishie pale anapokuwa na faida kwa mabwana.

Wala usimfanye Zuhura ahutubie haki za binadamu kwa lugha ya semina. Kumwacha mtu huru lilikuwa jambo linalojulikana, lenye thawabu na lenye cheti. Anaweza kufanya hilo kama mtu wa wakati wake, kwa sababu za wakati wake, na bado lisitoshe. Kuhusu bwana na suria wake kama wapenzi wakuu, nimesoma miswada minne ya namna hiyo na yote ilinichosha roho. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Kama umeng'ang'ania, basi safari ya kitabu iwe ni yeye kuipata hiyo hapana kwanza.

Maneno kinywani

Sultani katika mswada mmoja alisema ana "changamoto" na gavana wake wa Kilwa. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Futa changamoto, futa mahusiano, futa "mpenzi wangu" la kila mstari. Lakini usikimbilie upande wa pili ukaandika kila mtu kama utenzi, msomaji akahitaji kamusi. Watu wako wasabahiane kwa sabalkheri na masalkheri, wapange kukutana baada ya alasiri au baada ya isha badala ya "saa tisa na robo", na waitane kwa vyeo vya nyumbani: ami, binamu, somo, mwanangu, bibi. Heshima iliyopitiliza kati ya wawili wanaotamaniana ina moto wake. Hamad akimwita "binti ami" kwa kurasa mia mbili, siku atakapomwita Zuhura bila chochote mbele, huhitaji kuandika busu.

Na mambo ya ndani? Pwani haijawahi kuwa na haya bubu. Bibi harusi alikuwa na somo wake wa kumfunza, akasingwa, akafukizwa udi, akavalishwa kikuba cha asumini na mrihani, kisha fungate siku saba mume akikaa kwao mke na chakula kikiletwa mlangoni. Una siku saba za watu wawili ambao walizungumza kupitia pazia tu! Waandishi huziruka kwa mstari mmoja, "wakaishi kwa furaha," au huzigeuza orodha ya viungo vya mwili. Kaa humo. Waache wawe na aibu, wacheke, wagombane juu ya kitu kidogo, waulizane yale makonyo. Msomaji amengoja tangu ukurasa wa tano, usimnyime chakula mkono ukiwa mdomoni.

Kulipa ahadi

Mwisho wa heri unaotoka nje ya kisa haumridhishi mtu: mjomba tajiri anafika, mshindani anakufa kwa homa, hati ya urithi inapatikana sandukuni. Heri itokane na watu hawa kutumia walichonacho katika mwaka wao.

Zuhura ana nini? Ana haki moja ambayo baba, deni wala tufani haviwezi kuichukua: mahari ni yake. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni mengine, lakini mahari ni yake peke yake, naye anaweza kutaja anachotaka. Mzee anategemea riale za kutosha kuzima deni. Mbele ya kadhi Zuhura anataja miche ya mikarafuu, mia tano, itoke Pemba, ipandwe Dole kwenye ardhi iliyobaki mikononi mwao, kwa jina lake. Na wa kuipanda walipwe ujira. Hilo la pili ndilo linalomnyamazisha Hamad, kwa sababu analijua linamgharimu nini, na anajua pia mjakazi gani alilileta kwenye masikio ya Zuhura.

Mzee hapati fedha ya haraka, itabidi auze nyumba ya mjini. Tajiri wa Maskati anaondoka Agosti kwa chombo cha kupanga. Hamad anamwaga fedha kwenye miti isiyozaa kwa miaka saba, yaani amekubali kwamba hanunui kitu cha kuchukua leo. Kila mtu amelipa, na amelipa kwa sarafu ya mwaka 1872. Uhamishie mwisho huo mwaka 1852 au 1902, hausimami.

Kazi ya wiki ya kwanza

Usianze kuandika. Chukua daftari, chora mistari kumi na miwili ya miezi ya mwaka wako. Weka pepo, masika na vuli, msimu wa karafuu, Ramadhani ya mwaka huo (mwezi wa Kiislamu hausimami mahali pamoja, kwa hiyo tafuta kalenda ya kulinganisha, nimeona wapenzi wakila mchana wa Ramadhani bila mwandishi kujua). Kisha weka matukio ya kweli. Ndipo uwashushe watu wako humo uone nani anagongana na nani.

Unguja, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uombe uone barua na hati za miaka hiyo hata kama huna hakika unatafuta nini. Bei za vitu, ugomvi wa mipaka ya shamba, malalamiko ya mtu aliyecheleweshewa mzigo. Riwaya hutoka kwenye karatasi za namna hiyo kuliko kwenye vitabu vya wafalme. Msimu wa karafuu ukifika, vuka Pemba ukakae kwenye jamvi na wanaochambua. Mikono yako ikishanuka karafuu siku mbili, hutaandika tena "harufu nzuri ya viungo".

Mswada ukiisha usomee kwa sauti mtu asiyekuogopa. Angalia anapoacha kazi ya mikono yake na anapoirudia, weka alama pembeni, kisha ukate hapo pa pili bila huruma. Na kama unaona lazima uonyeshe Dole miaka minane baadaye, miche ikiwa imezaa, kurasa mbili zinatosha. Ukiandika kumi na mbili utaanza kuwaozesha mpaka wajukuu.